Kuunganisha umeme wa feni ya bafuni iliyofungwa darini

Bafu la chumba cha masta katika nyumba zetu nyingi lina dirisha dogo lililo karibu na dari, na mijini, ambako nyumba zimebanana, dirisha hilo mara nyingi linatazama ukuta wa jirani na hewa haipiti ipasavyo. Mvuke wa maji ya moto hupanda na kutua kwenye bodi za jipsamu, na baada ya masika moja au mbili pembe za dari huanza kuota madoa meusi ya ukungu na rangi kubanduka. Dawa yake ni feni ya kufyonza hewa. Unaweza kuifunga ukutani, lakini mimi napendelea ile inayokaa darini, katikati ya bomba la hewa, huku bafuni ukionekana wavu mdogo tu wa plastiki, kwa sababu kelele yake haisumbui na umeme wa volti 230 unabaki juu, mbali na maji na mbali na mikono iliyolowa.

Faida hiyo ina gharama yake. Feni ya ukutani ikianza kuungua, mtu ataona moshi au atasikia harufu. Ya darini inaweza kuchemsha kiungo chake kwa miezi mingi, juu ya mbao kavu za kenchi, pasipo mtu yeyote kujua. Niliwahi kupanda darini kutafuta sababu ya taa ya bafuni kufifia, nikakuta nyaya za feni zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, na gundi ya tepu hiyo imekwisha kwa joto la bati hadi shaba ikawa wazi, sentimita chache tu kutoka kwenye ubao. Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja katika kazi hii: kila kiungo cha darini kitengenezwe kana kwamba hakuna atakayekitazama tena kwa miaka 10, na wakati huohuo kiwekwe mahali ambapo atakayetaka kukitazama atakifikia bila kuvunja kitu.

Tanzania Bara, leseni za kazi za kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na mafuta. Mwenye nyumba asiye na leseni anaweza kuchagua feni, kufunga bomba la hewa na kupitisha mabomba ya nyaya, lakini miunganisho na vipimo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Hata hivyo inafaa mwenye nyumba aelewe kinachofanyika, kwa kuwa ndiye atakayelala chini ya dari hiyo.

Mahali pa feni na njia ya hewa

Feni isikae juu ya bodi ya jipsamu yenyewe. Mtetemo wake utaifanya bodi iwe kama ngoma na hatimaye utalegeza skrubu. Pigilia ubao imara juu ya mbao za chini za kenchi, weka vipande vya mpira chini ya miguu ya feni, kisha uifunge hapo, karibu na mlango wa dari kadiri inavyowezekana. Tazama mshale ulio kwenye mwili wa feni, ambao unaonyesha hewa inakokwenda. Nimeona feni zilizogeuzwa zikipuliza vumbi la darini kwenye mswaki wa mtu.

Bomba la PVC la inchi 4, yaani milimita 100, linatosha kwa feni nyingi za nyumbani na ni bora kuliko lile laini linalokunjika, kwa kuwa mikunjo hupunguza mwendo wa hewa na hukusanya maji. Lifanye liwe fupi, lenye kona chache, na liiname kidogo kuelekea nje. Mwinamo huo una maana kubwa katika mikoa ya baridi kama Njombe na Iringa, ambako usiku wa Juni na Julai mvuke hugeuka maji ndani ya bomba, na maji hayo yakirudi nyuma yataingia kwenye mota. Hewa itoke nje kabisa kupitia ukuta wa pembeni au fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), isiachiwe ndani ya dari hata siku moja, kwa sababu unyevu huo utaozesha kenchi na kuanzisha kutu kwenye bati kwa upande wa chini. Mdomo wa nje uwekewe kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia ndege na popo.

Mambo mawili zaidi kuhusu hewa. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii, kwa hiyo acha nafasi ya milimita 10 hivi chini ya mlango wa bafu. Na kama bafuni au chumba cha jirani kuna hita ya maji inayotumia gesi na kutoa moshi wake kwa bomba la kawaida, usifunge feni kabla mtaalamu wa gesi hajakagua, kwa kuwa feni inaweza kuvuta moshi wenye kaboni monoksaidi kuurudisha ndani, na gesi hiyo huua bila kutoa harufu.

Nyaya tatu, na kwa nini ni tatu

Feni rahisi kabisa huhitaji moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) tu, nayo huwaka na kuzimika pamoja na taa. Tatizo ni kwamba mvuke haumaliziki pale mtu anapofunga maji na kuzima taa. Kwa hiyo feni nzuri huwa na taima ndani yake inayoiacha iendelee kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya taa kuzimwa, na ili taima hiyo ifanye kazi ni lazima ipate umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Hapo ndipo unapokuja waya wa tatu: kuna moto wa kudumu, ambao hauzimwi na swichi ya taa, kuna moto wa swichi, ambao huiambia taima kwamba taa imewashwa, na kuna nyutro. Kwenye feni utakuta vituo, yaani sehemu za kufungia nyaya, vimeandikwa L kwa moto wa kudumu, N kwa nyutro, na cha tatu kimeandikwa T, LS au SL kulingana na mtengenezaji. Soma karatasi iliyokuja na feni kabla ya kuamini alama, maana watengenezaji hawafanani.

Ukiunganisha kimakosa moto wa kudumu kwenye vituo vyote viwili, L na T, feni haitazimika kamwe. Ukibadilisha nafasi za nyaya hizo mbili, feni itazimika pamoja na taa na taima haitafanya kazi yake. Lakini kosa lililo baya kuliko yote ni la fikra, si la mkono: kudhani kwamba kuzima swichi ya taa kumeiondolea feni umeme. Feni yenye taima ina umeme kwenye kituo chake saa zote, mchana na usiku, na anayeifungua kwa ajili ya kusafisha vumbi huku akitegemea swichi ya ukutani anashika volti 230.

Kuna pia feni zenye kihisi cha unyevu zinazojiwasha zenyewe. Kwa dari siipendekezi, kwanza kwa sababu kihisi kilicho ndani ya feni hupima hewa ya darini inapokuwa imesimama, si ya bafuni, na pili kwa sababu Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja unyevu wa hewa yenyewe uko juu kiasi kwamba feni inaweza kuzunguka usiku kucha bila mtu kuoga.

Umeme utoke wapi

Chanzo sahihi ni sakiti ya taa ya bafu hilohilo. Feni ya aina hii hutumia wati chache, na hata ikitumia wati 50 mkondo wake ni kama ampea 0.2 tu, mzigo ambao sakiti ya taa yenye breka ya ampea 6 au 10 haiuoni kabisa. Tamaa kubwa ya fundi mwenye haraka ni kuchukua umeme kwenye waya wa shawa ya umeme kwa sababu upo karibu. Usifanye hivyo. Shawa ile ina waya mnene na breka kubwa, pengine ya ampea 32. Ukiiungia waya wa milimita za mraba 1.5 bila fyuzi, siku waya huo mwembamba utakapozidiwa au kupata hitilafu utaungua kabla breka haijaona sababu ya kukata.

Nyaya zote tatu zitoke kwenye sakiti moja. Ukichukua moto kwenye sakiti ya taa na nyutro kwenye sakiti nyingine iliyopita jirani, feni itazunguka vizuri na kila mtu atafurahi, lakini siku fundi mwingine atakapozima breka moja na kufungua nyutro hiyo, itakuwa bado inabeba umeme wa upande wa pili. Na kama kila sakiti ina RCD yake, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, vifaa hivyo vitakata ovyo na hakuna atakayejua sababu. Ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, nayo isigeuzwe nyutro kwa hali yoyote. Kosa hilo hutokea pale fundi anapochukua nyaya kwenye boksi la swichi, ambalo katika nyumba nyingi lina moto unaoingia na moto unaotoka tu, bila nyutro. Ukikosa nyutro kwenye swichi, ipo kwenye taa, na kwa bahati nzuri uko darini tayari: boksi la kuunganishia lililo juu ya taa ya bafu kwa kawaida lina vyote vitatu, moto unaoendelea, moto unaorudi kutoka kwenye swichi, na nyutro. Ikiwa moto wa kudumu haupo hapo, uteremshe kutoka kwenye boksi la jirani la sakiti ileile.

Rangi za nyaya zinahitaji umakini wa pekee. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, kama ilivyokuwa Uingereza kabla ya mabadiliko yaliyoanza 2004 na kuwa ya lazima 2006. Nyaya za mfumo mpya ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Sasa fikiria kebo ya nyaya tatu yenye kahawia, nyeusi na kijivu, ambayo mafundi hupenda kuitumia kwa feni: kwa desturi kahawia huwa moto wa kudumu, nyeusi moto wa swichi, na kijivu nyutro. Kwa mtu aliyezoea nyaya za zamani, nyeusi ni nyutro. Kwa hiyo katika kila ncha vika waya mweusi tepu au mpira wa kahawia na wa kijivu uvike wa bluu, hata kama unaamini hakuna mwingine atakayefungua.

Nyaya ziwe za milimita za mraba 1.5, zipite ndani ya bomba la PVC la milimita 20 lililofungwa kwa vibano kwenye mbao za chini za kenchi. Bomba hilo ni kinga dhidi ya panya, ambao hutafuna ganda la waya kama wanavyotafuna mahindi, na kulipitisha chini ni kinga dhidi ya joto. Ganda la kawaida la PVC limetengenezwa kuhimili nyuzi 70 za Selsiasi, na hewa iliyo karibu na bati saa 8 mchana hula sehemu kubwa ya kiwango hicho kabla waya haujabeba mkondo wowote.

Kati ya boksi la taa na feni weka swichi ya kutenga yenye njia tatu, inayokata moto wa kudumu, moto wa swichi na nyutro kwa pamoja. Ya njia mbili haitoshi, kwa sababu itaacha mmoja wa mioto ile ukiwa hai. Wengine huiweka juu ya mlango wa bafu kwa nje. Mimi naiweka darini pembeni ya mlango wa dari, mahali ambapo anayepanda ataishika kabla ya kuifikia feni na ataendelea kuiona akiwa kazini. Kama karatasi ya mtengenezaji inadai fyuzi ya ampea 3, kama wengi wanavyodai, kiweke kishikilia fyuzi kabla ya swichi hiyo, na kikate umeme wa mioto yote miwili: njia iliyo rahisi ni kuifanya taa ya bafu na feni vyote vilishwe kupitia fyuzi hiyohiyo moja.

Kuzima umeme kwa uhakika

Panda asubuhi mapema kabla bati halijapata moto, ukiwa na taa ya kichwani, viatu vya soli ya mpira na ubao wa kukanyagia juu ya kenchi, kwa maana jipsamu haibebi mtu. Zima breka ya sakiti ya taa, ibandike karatasi ya onyo au uifunge kwa kufuli, na waambie waliomo nyumbani. Kisha jiulize swali ambalo zamani halikuwepo: nyumba ina inveta, sola au jenereta? Sakiti za taa ndizo za kwanza kuungwa kwenye inveta, nazo zinaweza kuwa na umeme hata meni swichi ikiwa imezimwa.

Chukua kipimo cha volti kinachoaminika. Bisibisi ya tesita yenye taa ndogo haitoshi. Kijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme, halafu pima kwenye boksi la taa kati ya moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi, swichi ya taa ikiwa imewashwa na tena ikiwa imezimwa, kisha rudi ukakijaribu kipimo pale pa mwanzo. Hatua hiyo ya mwisho watu wengi huiruka. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi husema hakuna umeme kwa sauti ileile ya kipimo kizima.

Miunganisho yenyewe

Anza kwenye feni na umalizie kwenye boksi la taa, ili sehemu ya mwisho kufunguliwa iwe ile yenye chanzo cha umeme. Menya ganda kiasi cha kuingia kwenye kituo tu, bila shaba kubaki nje na bila ganda kubanwa na skrubu, kisha vuta kila waya mmoja mmoja kwa vidole; unaotoka afadhali utoke sasa. Kebo iingie kwenye mwili wa feni kupitia kibano chake, kwani bila kibano mtetemo hufanya kazi moja kwa moja kwenye vituo. Kipande cha mwisho kinachoingia kwenye feni kiwe cha waya laini wa nyuzi nyingi, kwa kuwa waya mgumu wa uzi mmoja hukatika kwa kutikiswa muda mrefu.

Feni nyingi za nyumbani zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zina ganda maradufu na hazihitaji ethi. Hata hivyo ethi ifike hadi pale na imalizikie kwenye konekta yake, isikatwe na kutupwa, kwa sababu atakayebadilisha feni baada ya miaka anaweza kuleta ya chuma. Viungo vyote vingine vikae ndani ya boksi lenye mfuniko na konekta za skrubu au za kubana, si kusokota na tepu.

Kuhusu eneo la maji, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, BS 7671, ambazo zimekuwa msingi wa mafunzo ya mafundi wengi Afrika Mashariki, huhesabu sehemu ya hatari hadi urefu wa mita 2.25 kutoka sakafuni, na kwa shawa isiyo na karai, kama zilivyo nyingi kwetu, hadi mita 1.2 kutoka mahali maji yanapotokea. Feni iliyo darini iko nje ya eneo hilo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua. Hata hivyo sakiti ya bafu ilindwe na RCD ya miliampea 30; kama boksi la breka halina, ongeza kabla ya kuongeza feni.

Kupima na kuwasha

Kabla ya kuwasha, pima mwendelezo wa ethi hadi kwenye konekta ya mwisho, kisha pima ganda la nyaya kwa mega (kipimo cha uimara wa ganda) ya volti 500 huku feni ikiwa imetengwa, maana taima yake ya kielektroniki huharibiwa na volti hiyo. Usomaji usipungue megaomu 1, na kwa nyaya mpya unapaswa kuwa juu zaidi ya hapo kwa mbali. Ukikaribia 1 tu, tafuta msumari uliopita mahali pasipofaa.

Rudisha umeme, bonyeza kitufe cha kujaribu cha RCD, kisha washa taa. Feni izunguke. Zima taa, na feni iendelee hadi taima ikate. Skrubu ndogo iliyo ndani ya feni hurekebisha muda huo, nao urekebishwe swichi ya kutenga ikiwa imezimwa; dakika 15 zinatosha kwa bafu la kawaida. Weka karatasi ya chooni kwenye wavu wa bafuni, mlango ukiwa umefungwa. Ikishikiliwa pale, hewa inapita. Ikianguka, tatizo ni bomba, mwelekeo wa feni au nafasi chini ya mlango. Mwisho zima swichi ya kutenga huku taa ya bafu ikiwa imewashwa, na upime vituo vyote vya feni ili kuhakikisha hakuna hata kimoja chenye umeme.

Andika kwa kalamu isiyofutika, kwenye mfuniko wa boksi na upande wa ndani wa mlango wa dari, namba ya breka inayolisha feni, tarehe ya kazi, na maneno haya: feni ina umeme hata taa ikizimwa. Rudi baada ya miezi 6, zima umeme, kaza skrubu za vituo upya na uguse ganda la kila waya kuona kama limebadilika rangi au limekuwa gumu.